Ugumu Unapoundwa Upya: Mizani ya Gemu za Video na Mchezaji wa Kitengela



Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo ambalo wachezaji hulijadili kwa hasira na waundaji hulishughulikia kimyakimya: gemu ya zamani inapoundwa upya, ugumu wake hutendewa nini? Picha zikiwa mpya, kila mtu anaziona. Sauti zikirekodiwa upya, kila mtu anazisikia. Lakini adui akiongezewa mwendo kidogo, risasi zikipungua kwenye makasha, au kisu kilichokuwa hakiishi kikaanza kuisha, ni wachache watakaojua kilichobadilika. Wengi watahisi tu kwamba gemu waliyoijua imelegea, au imekuwa katili, na wakiulizwa sababu watakosa la kusema.

Dai langu nalitoa mapema ili mnipime nalo. Ugumu haukai ndani ya gemu peke yake. Unategemea mambo matatu yanayoshikana: kazi ambayo gemu inamdai mchezaji, uwezo inaompa wa kuifanya, na gharama anayolipa akishindwa. Muundaji akigusa moja, ameyagusa yote matatu, apende asipende. Na hilo la tatu, gharama ya kushindwa, hapa kwetu lina sura ambayo waliokaa Osaka na California wakibuni gemu hizi hawakuwa nayo mbele ya macho.

Tuitazame sura hiyo kwanza. Hesabu ya watu ya 2019 iliipa kaunti ya Kajiado wakazi 1,117,840, na Kitengela ni miongoni mwa miji yake mikubwa zaidi. Mji umejaa nyumba za kupanga, na wazazi wengi huondoka alfajiri kwenda Nairobi au viwandani Athi River, kisha hurudi usiku. Kijana akitoka shule, ana mahali pachache pa kwenda. Mojawapo ni kibanda cha PS: televisheni kadhaa ukutani, mashine za PlayStation, benchi, na mwenye duka anayeangalia saa. Hapo hakuna anayenunua gemu. Watu hununua muda. Kwenye mpira, ile FIFA ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, hesabu ni rahisi, kwa kuwa dakika za kila kipindi huwekwa kabla padi haijashikwa, na filimbi ya mwisho ikilia unajua umelipia nini. Gemu ya hadithi haina filimbi. Unalipa nusu saa au saa, na ukifa mara sita mahali pamoja, fedha yako imeishia hapo hapo mlangoni.

Kwa hiyo ninaposema ugumu leo, kumbukeni kwamba nina mchezaji huyo akilini: anayelipia dakika, anayeshiriki padi na wenzake, na ambaye stima inaweza kumkatikia wakati wowote.

Mfano wangu mkuu ni Resident Evil 4. Gemu hii ya Capcom, iliyoongozwa na Shinji Mikami, ilitoka Januari 2005 kwenye GameCube ya Nintendo, na kabla mwaka haujaisha ikafika kwenye PlayStation 2, ambayo ndiyo mashine wengi wetu tuliijua. Mchezaji ni Leon Kennedy, anayetumwa kijiji kimoja cha Uhispania kumwokoa Ashley, binti wa rais wa Marekani. Dakika za mwanzo tu anazingirwa na wanakijiji wenye shoka na mundu, na mmoja mwenye msumeno wa moto, na hana budi kubaki hai mpaka kengele ya kanisa ilie.

Ugumu wa sehemu hiyo ulitokana na katazo moja: Leon hakuweza kutembea akiwa amelenga bunduki. Ukitaka kupiga, simama. Ukitaka kukimbia, shusha bunduki. Katazo hilo ndilo lililopanga kila kitu kingine. Wanakijiji walikuja mbio kutoka mbali, lakini wakikukaribia walipunguza mwendo na kutembea, kwa sababu mtu aliyesimama asingeweza kujitetea dhidi ya umati unaokimbia. Ukimpiga mmoja kichwani aliyumba, ukapata nafasi ya kumwendea na kumpiga teke lililoangusha na walio pembeni yake. Pigo lile la kichwa lilitegemewa kama sarafu inayokubalika kila duka. Mchezaji aliamua swali moja tena na tena: nisimame hapa, au niondoke? Ukilijibu vizuri, hata risasi chache zilitosha.

Chini ya hayo palikuwa na kitu ambacho skrini haikukionyesha. Katika hali ya kawaida, gemu ilikuwa na daraja la siri kuanzia 1 hadi 10. Ukicheza vizuri, daraja lilipanda: maadui waliumiza zaidi na kuvumilia risasi zaidi. Ukiumizwa au kufa, lilishuka. Mtu dhaifu na hodari walimaliza gemu ileile, kila mmoja akiamini amepambana na ugumu uleule. Kwenye hali ya Professional pekee ndiko daraja lilikwama juu kabisa. Mimi naona huo kuwa ubunifu mkubwa wa enzi yake, kwani ulimheshimu mchezaji bila kumtahini hadharani.

Lakini mfikirieni mchezaji wa benchi. Watoto watatu wamechanga shilingi zao, na sheria yao ni hii: ukifa, mpe mwenzako padi. Wa kwanza ni hodari. Anacheza muda mrefu bila kufa, daraja linapanda. Hatimaye anakufa na kumpa padi mdogo wake, ambaye anakutana na maadui waliopimwa kwa ajili ya kaka. Anakufa mara moja. Daraja linashuka kidogo. Wa tatu anashika, naye hadumu. Daraja linashuka tena. Padi inamrudia hodari, na sasa maadui ni laini, hivyo anadumu hata zaidi ya zamu ya kwanza. Mizani iliyobuniwa kumwinua mnyonge inaishia kumrefushia hodari zamu, na watoto wawili wanarudi nyumbani wakiamini hawana mkono wa gemu. Hesabu ya Capcom ilikuwa sahihi. Kasoro ni dhana iliyokuwa chini yake, kwamba padi moja ina mtu mmoja nyuma yake. Dhana hiyo haiandikwi popote, na kwa sababu hiyo ndiyo ngumu kuipata wakati wa kuunda upya.

Mnamo tarehe 24 Machi 2023 Capcom ilitoa gemu hiyo ikiwa imeundwa upya tangu msingi, chini ya waongozaji Yasuhiro Ampo na Kazunori Kadoi. Na badiliko la kwanza lilikuwa kuondoa katazo. Leon sasa anatembea akiwa amelenga. Asingeweza kubaki amenata ardhini mwaka 2023. Vijana waliozoea gemu za leo wangeiona mashine kuwa mbovu. Lakini ondoa katazo hilo kisha uache maadui wa 2005 walivyo, na kijiji kizima kinakuwa matembezi ya jioni. Unarudi nyuma huku unapiga, nao wanakufuata polepole hadi wa mwisho aanguke.

Waundaji walilijua hilo, ndiyo maana karibu kila badiliko lingine katika toleo jipya ni malipo ya badiliko la kwanza. Maadui wanakuja kwa kasi na hawapunguzi mwendo kwa adabu kama zamani. Pigo la kichwa halimyumbishi adui kila mara. Unaweza kulipata sawasawa na bado akaja. Hapa wachezaji wa zamani walilalamika sana, na malalamiko yao nayaelewa, maana yule aliyejifunza kwamba kitendo fulani huleta tokeo fulani anaambiwa sasa huenda kikaleta, huenda kisilete. Bahati imeingia palipokuwa na ujuzi. Hata hivyo sioni wangefanyaje vingine. Mtu anayetembea huku akipiga, na ambaye kila pigo lake la kichwa ni la uhakika, hawezi kuogopa chochote.

Kisu ndicho kinachonivutia zaidi. Mwaka 2005 kisu kilikuwa hakiishi. Kilikuwa kidogo na cha polepole, lakini kilikuwepo siku zote, na aliyeishiwa risasi hakuwa ameishiwa njia. Mwaka 2023 kisu kinalika. Kikivunjika kinatengenezwa kwa pesa na mfanyabiashara aliyemo ndani ya gemu, na njiani unaokota vingine dhaifu. Kwa upande wa pili, kisu kipya kimepewa mamlaka ambayo cha zamani hakikuyaota: kinakinga shoka linaloshuka, kinakinga hata ule msumeno, kinakutoa mikononi mwa adui aliyekukaba, kinammaliza aliyelala kabla hajageuka kitu kibaya zaidi. Chombo chenye kazi nyingi namna hiyo lazima kiwe na bei, la sivyo bunduki zote ni mapambo. Kama mizani, hesabu imekaa sawa. Lakini kuna kilichopotea, nacho ni ile akiba ya mwisho ya mtu asiye na kitu. Gemu ya zamani ilimwambia maskini wa risasi: polepole utafika. Mpya inampa baruti na malighafi atengeneze risasi zake mwenyewe, jambo zuri, ila linamtaka awe amepanga mapema.

Ashley pia amebadilishwa kwa busara. Zamani alikuwa na kipimo chake cha uhai, ukalazimika kugawa dawa kati yenu wawili. Sasa hana kipimo. Akipigwa vibaya anaanguka, na unapaswa kumwinua kabla hajapigwa tena au kubebwa. Kazi ya kumlinda imebaki, kodi ya dawa imeondoka. Na zile sehemu za kubonyeza vitufe ghafla katikati ya hadithi zimefutwa karibu zote. Pambano la visu na adui aitwaye Krauser, ambalo zamani lilikuwa filamu inayokuvizia kwa vitufe, sasa ni pambano kweli, unalocheza kwa kukinga na kukata. Hapo sina shaka kwamba mpya ni bora kuliko ya zamani.

Daraja la siri nalo lilipewa majirani wanaoonekana wazi: Assisted, Standard, Hardcore, na baada ya kumaliza gemu, Professional. Kwenye Assisted unasaidiwa kulenga na uhai wako unarudi wenyewe kwa kiasi. Kwenye Professional kukinga kwa kisu kunafaulu tu ukibonyeza kwa wakati kamili, na gemu haijihifadhi yenyewe; ni taipureta zilizowekwa njiani tu zinazohifadhi. Wengine husema hiyo ni kurudi kwenye sheria za kale. Si kweli. Mwaka 2005 ukifa uliendelea kutoka kituo cha karibu. Taipureta ilikuwa muhimu pale ulipozima mashine. Professional ya 2023 inakurudisha ulipohifadhi mwisho kwa mkono wako, hata kama ni nusu saa iliyopita. Ni kali kuliko mama yake.

Na katika kibanda cha PS nusu saa hiyo ina risiti. Aliye nyumbani na mashine yake anapoteza jioni. Aliye Kitengela anapoteza jioni na pesa. Stima ikipotea kabla hujafika kwenye taipureta, umelipia kazi ambayo haimo popote. Enzi ya PlayStation 2 vijana walitembea na kadi za kumbukumbu mfukoni, megabaiti 8 za maisha yao yote, ili wasimwachie mwenye duka maendeleo yao. Leo hifadhi inakaa ndani ya mashine ya duka, na mteja wa kesho anaweza kuandika juu yake. Kwa hiyo chaguo la kujihifadhi, ambalo kwa Capcom ni suala la ladha ya mchezaji sugu, kwetu linakuwa swali la nani anaweza kumaliza gemu hata kidogo.

Mfano wa pili ni mfupi lakini una funzo ambalo wa kwanza hauna. Tarehe 30 Juni 2017 studio ya Vicarious Visions ilitoa gemu tatu za kwanza za Crash Bandicoot zikiwa zimeundwa upya pamoja. Naughty Dog ndio waliozibuni, ya kwanza ikitoka 1996. Siku chache hazikupita, malalamiko yakaanza: Crash anateleza kwenye kingo za majukwaa, anaanguka mahali ambapo zamani alisimama. Wengi waliambiwa wamezeeka tu, vidole vimekufa ganzi. Kisha waundaji wenyewe wakaeleza hadharani. Kwa gemu zote tatu walikuwa wamechukua miondoko ya gemu ya tatu, Warped, kama msingi, kisha wakarekebisha miruko ya gemu ya kwanza. Crash alikuwa akishuka kwa kasi zaidi baada ya kuruka, na, kama wachezaji walivyobaini, umbo lisiloonekana linalotumika kupima kama amegusa ardhi lilikuwa la mviringo chini, kama kidonge. Ukikanyaga ukingo kwa unyayo wa nje, umbo hilo linateleza. Wageni walishauriwa waanze na Warped kwa sababu ndiyo yenye huruma zaidi.

Tazameni: hakuna aliyeongeza adui hata mmoja. Hakuna aliyesogeza jukwaa. Kila kitu kinachoonekana kilikuwa mahali pake, na daraja lile la kamba na mbao kwenye ngazi ya High Road likawa mtihani mwingine kabisa, kwa sababu ya mviringo mdogo chini ya nyayo. Vidole vya mchezaji vilikuwa na haki tangu mwanzo.

Studio hiyo ilifanya pia jambo ambalo nalisifu. Mwaka 1996 Naughty Dog walitengeneza ngazi moja, Stormy Ascent, wakaiacha nje kwa kuwa ilikuwa ngumu kupita kiasi, ingawa masalia yake yalibaki ndani ya diski. Julai 2017 Vicarious Visions waliiunda upya na kuitoa kando ya gemu, kama nyongeza. Anayetaka mateso hayo anayafuata. Asiyetaka hazuiwi kumaliza safari yake. Uamuzi wa 1996 wa kumhurumia mchezaji haukutenguliwa na kiburi cha 2017.

Ugumu wakati mwingine haukukusudiwa na mtu yeyote. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders, mashine yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba wavamizi wengi kwenye skrini waliilemea. Kila mmoja alipouawa, mzigo ulipungua, na waliobaki wakaenda kasi. Hofu ile ya mvamizi wa mwisho anayeruka huku na huku ilizaliwa na udhaifu wa kifaa, naye akaiacha kwa sababu aliona ni nzuri. Unda gemu hiyo upya kwenye simu ya leo bila kuandika kasi hiyo kwa makusudi, na utapata wavamizi wanaotembea mwendo mmoja hadi mwisho. Utakuwa umenakili kila kitu isipokuwa gemu yenyewe.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kulifikiria hili. Kenya ilikuwa nchi ya mfumo wa televisheni wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde, wakati Japani na Marekani walitumia 60. Gemu nyingi za miaka ya 1990 zilizohamishiwa PAL bila kurekebishwa zilikwenda polepole kwa takriban sehemu moja ya sita. Aliyelelewa kwenye mashine ya PAL alikuwa na nafasi pana zaidi ya kuona hatari na kuikwepa. Toleo jipya linapomwahidi ugumu wa asili, linamrudishia asili ya mtoto wa Tokyo. Yake yeye haikuhifadhiwa na mtu.

Grand Theft Auto: San Andreas siwezi kuiruka, maana nisipoitaja hamtanisamehe. Ilitoka 2004, na sijui gemu nyingine iliyoandikiwa misimbo ya ujanja katika madaftari ya shule kama hii. Misimbo ile ilikuwa njia ya watoto ya kurekebisha mizani wenyewe: silaha, pesa, uhai, kwa sababu muda waliolipia haukutosha kuvitafuta kwa haki. Novemba 2021 kampuni yenye gemu hiyo, Rockstar, ilitoa toleo lililong'arishwa, kazi ya Grove Street Games, likiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba kampuni iliomba radhi hadharani. Kasoro hizo zilifunika badiliko moja jema: ukishindwa misheni, unaweza kuianza tena papo hapo. Zamani ukishindwa ile ya kuifukuza treni ukiwa na mwenzako Big Smoke kwenye pikipiki, uliendesha gari kurudi mwanzo, ukaangalia tena mazungumzo, ndipo ujaribu. Pikipiki ile haikuwa nyepesi kwa sababu ya badiliko hili. Treni haikupunguza mwendo. Kazi ni ileile na uwezo ni uleule. Gharama ya kushindwa ndiyo iliyoshuka, na kwa mtu anayelipia dakika, hiyo ndiyo rehema kubwa kuliko zote.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu ninyi vijana mnaojifunza programu mnadhani elimu hii ni ya kuagiza. Watu wa Pwani walitatua tatizo la viwango vya ugumu kabla ya umeme. Bao lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Katika bao la Kiswahili lenyewe, unaanza na kete 10 tu ubaoni: 6 katika shimo liitwalo nyumba, na 2 na 2 pembeni yake. Zilizobaki 22 ziko mkononi, unaziingiza moja moja kila zamu. Hatua hiyo ya namua ina sheria zake, na humo mna maamuzi mazito: ule upande gani, nyumba uilinde mpaka lini, lini uiache isafiri. Kete za mkononi zikiisha ndipo mnaingia hatua ya pili, mtaji. Alexander de Voogt, mtafiti Mholanzi aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuandika juu yao mwaka 1995, alivutiwa na jinsi walivyopiga hesabu za mizunguko mirefu ya kete kichwani bila kugusa ubao.

Mtoto hawezi kuanzia hapo. Akapewa bao la kujifunza. Kete zote zinalazwa ubaoni, 2 kila shimo, hakuna namua, hakuna nyumba, mnaanza moja kwa moja kuchukua na kusambaza. Na hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini. Hakuna aliyemwambia mtoto ale kete mara mbili. Hakuna aliyemwamuru mzee acheze vibaya. Sheria ya kula ni ileile, mashimo ya mwisho wa safu, kimbi na kichwa, yana maana ileile, ushindi ni uleule wa kumaliza safu ya mbele ya mwenzako. Kilichofanywa ni kuondoa hatua nzima na kumwacha mwanafunzi acheze mchezo wa kweli uliobaki. Akikomaa anaongezewa hatua, na yote aliyojifunza bado yanafanya kazi.

Linganisheni na njia ya mkato ambayo studio nyingi hutumia: hali ngumu maana yake adui ana uhai mara mbili na pigo lake linauma mara mbili. Hiyo ni kuongeza maji kwenye mchuzi. Sufuria imejaa, lakini hakuna kilichopikwa zaidi. Adui mwenye uhai mara mbili anauliza swali lilelile kwa muda mrefu zaidi, na kwa mchezaji wa kibanda huo ni muda anaoulipia bila kujifunza lolote. Studio ya Bluepoint, ilipounda upya Demon's Souls mwaka 2020, iliweza kuurudisha ugumu kwa badiliko dogo kuliko hilo: majani ya kuponya yakapewa uzito. Zamani mtu alibeba akiba kubwa mno na kula majani katikati ya pambano. Sasa akibeba mengi, analemewa. Adui hawakuguswa, na bado kila pambano likarudi kuwa pambano.

Lipo jambo jingine linalowahusu wenye ndoto ya mashindano. Mizani ya siku hizi haikai mahali pamoja; hurekebishwa kwa masasisho kupitia intaneti, mengine ya gigabaiti nyingi. Diski ina mizani ya siku ilipochapwa. Kibanda kinachonunua data kwa kipimo hakiwezi kupakua kila sasisho, kwa hiyo kijana anaweza kufanya mazoezi miezi kadhaa kwenye gemu ya mapigano ambayo mbinu yake kuu imekwisha kufutwa kwingineko. Wakenya wameonyesha wanaweza kushindana. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alijipatia jina kimataifa kwenye Tekken. Lakini anayetoka hapa na kufika mashindanoni akiwa na mizani ya zamani vidoleni ameshindwa kabla ya kukaa kitini, na si kwa uvivu.

Basi kwa ninyi mtakaounda. Wamaasai wa kaunti hii wana enkeshui, mchezo wao wa mashimo na kete, na natumaini miongoni mwenu yumo atakayeuingiza kwenye simu. Akifanya hivyo atakuwa anaunda upya gemu ya zamani kuliko zote za skrini nilizozitaja. Asianze na picha za ng'ombe na shuka. Aanze na wazee wanaoucheza, akae nao, aandike ni wapi wanasita, ni wapi wanacheka, na ni kosa gani humfanya mtu apoteze mchezo mzima. Mzee huangalia ubao wote kwa pamoja. Skrini ya simu itauonyesha mdogo na kuhesabu kete kwa niaba ya mchezaji. Kuhesabu huko ni sehemu ya kazi ya mchezo. Ukimhesabia, umemwondolea mzigo, na lazima uamue kwa kukusudia kama unautaka mzigo huo ubaki. Mimi ningeuacha ubaki kwa anayecheza mchezo kamili, na kumhesabia anayejifunza.

Ahifadhi kila hatua, kwa sababu betri huisha na simu huazimwa. Aulize mwanzoni ni nani anacheza, na aulize tena simu inapobadilisha mkono, ili ugumu umfuate mtu na usifuate kifaa. Na kabla ya kuitoa, amkalishe mtu ambaye hajawahi kuicheza, anyamaze kabisa, na aandike kila mahali anapokwama na sekunde anazokaa hapo. Kisha abadilishe jambo moja, moja tu, na amkalishe mwingine.